Tupa Peke Yake Haitoshi: Maji ya Dawa Yaoshayo Mzizi wa Jino

Katika maradhi yamfikayo binadamu, ni machache yawezayo kumwondolea mtu utulivu kama maumivu ya jino. Mwenye homa huweza kusinzia. Mwenye jino hasinzii. Huzunguka chumbani usiku kucha ameshika shavu, na kunapopambazuka neno lake ni moja tu: jino ling'olewe. Basi huenda kwa daktari, jino likatoka, maumivu yakesha, na pengo likabaki maisha. Wazee wetu walikwisha kutuambia kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na kila aliyekosa magego aijua kweli ya maneno hayo kila aketipo kula.

Lakini iko njia nyingine, nayo ni matibabu ya mzizi wa jino. Daktari hulitoboa jino kwa juu, huondoa nyama iliyokufa ndani yake, huusafisha mfereji wa mzizi mpaka karibu na ncha, kisha huuziba. Jino hubaki mahali pake na kuendelea kutafuna. Watu waliopata matibabu haya husimulia zaidi sindano ya ganzi na zile tupa nyembamba zilizokuwa zikiingia na kutoka. Jambo wasilolisimulia, kwa sababu hawakuliona, ni maji ambayo daktari alikuwa akiyatia kwa bomba la sindano kila alipotoa tupa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwamba maji hayo ndiyo roho ya matibabu yenyewe. Tupa huifungua njia. Maji ya dawa ndiyo yauayo vijidudu. Ajuaye hayo atafahamu kwa nini kazi hii yataka muda, kwa nini si vema kuikatiza katikati, na kwa nini vidonge haviwezi kushika mahali pake.

Jino lilivyo kwa ndani

Mtu akilitazama jino huliona kama jiwe, gumu na lisilo na uhai. Sivyo lilivyo. Chini ya gamba gumu la nje pana tabaka la dentini, na katikati yake mna chumba kidogo kilichojaa nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo tuiitayo kiini cha jino. Kutoka chumbani humo kiini hushuka ndani ya mizizi kwa mifereji myembamba, na kwa kupitia tundu dogo lililo nchani mwa mzizi hupata damu yake. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja; gego huweza kuwa na mitatu au minne.

Laiti mifereji hiyo ingalinyoka kama mrija, kazi ya daktari ingalikuwa nyepesi. Lakini mifereji hupinda, hupanuka ikawa bapa kama utepe, huungana na kuachana tena, na kutoa vichochoro vya pembeni. Zaidi ya hayo, dentini yenyewe imetobolewa na vinjia vidogo mno, maelfu kwa maelfu, upana wa kila kimoja ukiwa kiasi cha mikroni 1 hadi 2.5, na mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Vijidudu vingi vya kinywani ni vyembamba kuliko vinjia hivyo. Kwa macho yetu dentini ni ukuta. Kwa vijidudu ni mji wenye milango.

Aliyepata kutembea katika Mji Mkongwe wa Unguja, au katika mitaa ya Lamu, atafahamu upesi. Ukiifagia njia kuu tu, hujaufagia mji. Vichochoro vingali na takataka zake, na aliyejificha humo hakuuona ufagio.

Vijidudu ndio asili ya maradhi

Zamani watu walidhani kwamba jino hutoboka kwa sababu ya mdudu mkubwa aliyemo ndani yake, na mpaka leo wako waganga wanaodai kumtoa mdudu huyo na kumwonyesha mgonjwa. Mdudu wa namna hiyo hayuko. Walioko ni vijidudu visivyoonekana ila kwa darubini. Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin katika nchi ya Ujerumani, alitoa kitabu juu ya vijidudu vya kinywani mwaka 1890, na mwaka 1894 akaeleza kwamba aliviona vijidudu ndani ya viini vya meno yaliyoharibika. Lakini kuviona mahali palipoharibika si hoja ya kutosha kwamba ndivyo vilivyoharibu.

Hoja hiyo ilipatikana mwaka 1965 huko Marekani. Wataalamu watatu, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichukua panya wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa panya wa kawaida. Wa pili walizaliwa na kulelewa mahali palipofungwa, pasipo kijidudu hata kimoja. Wote walitobolewa meno mpaka kiini kikawa wazi, wakaachwa wale chakula chao. Panya wa kawaida, viini vyao vilikufa na majipu yakatokea kwenye mizizi. Wale wasio na vijidudu, ingawa chakula kiliwajaa ndani ya matundu, viini vyao vilibaki hai na vikaanza kujijengea dentini mpya juu ya jeraha. Tofauti ilikuwa moja tu, yaani kuwako na kutokuwako kwa vijidudu.

Mwaka 1976 Göran Sundqvist, wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Uswidi, alikamilisha uchunguzi wake wa meno 32 ya watu ambayo viini vyake vilikufa kwa sababu ya kugongwa, lakini kwa nje yalikuwa mazima. Katika meno 19, mfupa wa nchani mwa mzizi ulikuwa umeliwa. Na kati ya hayo, 18 yalikutwa na vijidudu ndani. Yale ambayo mfupa wake ulikuwa mzima hayakukutwa na vijidudu. Maana yake ni kwamba kiini kilichokufa, pasipo vijidudu, hakikuuharibu mfupa. Vinapoingia vijidudu ndipo inapoanza shari. Basi matibabu ya mzizi, kwa kweli, ni vita na vijidudu, na mengine yote hufuata hapo.

Maji ya chumvi yalipopimwa na maji ya dawa

Msomaji aweza kuuliza: Je, tupa haitoshi? Ikiwa daktari atakwangua kila upande mpaka dentini safi ionekane, maji yatafanya kazi gani zaidi ya kutoa uchafu?

Swali hilo lilijibiwa katika chuo kile kile cha Umeå. Mwaka 1981 Byström na Sundqvist walitoa habari za meno waliyoyatibu kwa tupa pamoja na maji safi ya chumvi tu, pasipo dawa yoyote ya kuua vijidudu. Kazi ya tupa ilionekana wazi, kwani kila mgonjwa alipoketi kitini hesabu ya vijidudu ilishuka mara mia, pengine mara elfu. Lakini vijidudu vilivyosalia vilizaana tena kabla mgonjwa hajarudi. Katika meno 7, vijidudu vilikuwa vingalimo hata baada ya kutibiwa mara 5.

Mwaka 1983 watu hao hao walitoa mlinganisho. Meno 15 yalioshwa kwa maji ya chumvi, na meno mengine 15 yalioshwa kwa maji ya hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 0.5, yaani nusu sehemu tu katika mia. Ilipofika mara ya tano, katika kundi la maji ya chumvi meno 8 hayakuonekana tena na vijidudu. Katika kundi la maji ya dawa, meno 12. Mkono ulikuwa ule ule na tupa zile zile. Kilichobadilika ni maji.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, maji ya dawa yana faida isiyo na shaka. La pili, hata nayo, meno 3 katika 15 hayakusafika kabisa. Kwa hiyo mtu asidanganyike kwamba dawa hii ni muujiza, wala asiidharau.

Sababu ya upungufu wa tupa ilidhihirika zaidi miaka iliyofuata, zilipopatikana mashine za eksirei ziwezazo kuonyesha mfereji pande zote. Uchunguzi uliotolewa na Peters na wenzake mwaka 2001 ulionyesha kwamba tupa za namna mbalimbali ziliacha asilimia 35 au zaidi ya kuta za mfereji pasipo kuguswa kabisa. Mahali chuma kisipofika, ni maji tu yawezayo kufika.

Dawa iliyotoka katika vita

Hipokloriti ya sodiamu si kitu kigeni majumbani mwetu. Ndiyo dawa ileile iliyomo katika maji ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo akina mama wengi wa Afrika ya Mashariki huyaita Jik. Wafaransa walikuwa wakitengeneza maji ya jamii hiyo tangu mwisho wa karne ya 18, kwa ajili ya kung'arisha vitambaa. Ilivyotoka katika ndoo ya dobi ikaingia katika jeraha la mtu ni habari yenye mafunzo.

Katika Vita Kuu vya Kwanza, vilivyoanza mwaka 1914, askari wengi hawakuuawa na risasi yenyewe bali na kuoza kwa jeraha. Dawa kali za siku zile ziliua vijidudu, lakini ziliunguza na nyama nzima pia. Henry Drysdale Dakin, mwanakemia Mwingereza, alifanya kazi pamoja na tabibu wa upasuaji Alexis Carrel katika hospitali iliyokuwa Compiègne, Ufaransa. Dakin alijaribu dawa nyingi, zaidi ya 200, akitafuta ile iwezayo kuua kijidudu pasipo kumdhuru mgonjwa. Mwaka 1915 alitangaza hipokloriti ya sodiamu iliyopunguzwa nguvu hadi karibu asilimia 0.5 na kuondolewa ukali wake wa magadi.

Lakini Dakin na Carrel waligundua jambo jingine lenye uzito ule ule. Dawa hii, ikigusa usaha na nyama iliyokufa, hutumika ikaisha nguvu upesi. Ukiimimina mara moja ukaenda zako, hujafanya kitu. Kwa sababu hiyo Carrel alitia mirija ya mpira ndani ya majeraha, na dawa mpya ikawa ikipelekwa kila baada ya muda, usiku na mchana. Hivyo haikutosha kuwa na dawa njema; ilipasa pia kuifikisha mahali pake na kuifanya upya kila mara.

Waganga wa meno waliyachukua mafunzo hayo. Mwaka 1936 Mmarekani aitwaye Walker alihimiza maji ya jamii hii yatumiwe katika mizizi ya meno, na mwaka 1941 Grossman na Meiman walipolinganisha dawa mbalimbali, hipokloriti ilizishinda nyingine katika kuyeyusha nyama ya kiini. Hapo ndipo ilipo sifa yake kubwa. Dawa nyingi huua vijidudu. Hii huua, na pia huiyeyusha nyama iliyokufa ambayo ndiyo chakula na maficho yao.

Dawa zisaidianazo na dawa zigombanazo

Tupa ikikwangua dentini, huacha unga uliochanganyika na majimaji, ukawa kama tope lililopakwa ukutani. Tope hilo huziba vinywa vya vile vinjia vidogo, na vijidudu vilivyomo ndani hukingika. Hipokloriti haiwezi kuliondoa peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya tope hilo ni madini. Mwaka 1957 Nygaard-Østby wa Norwe alieleza matumizi ya dawa iitwayo EDTA, ambayo huyashika madini ya chokaa na kuyatoa. Siku hizi hutumiwa kwa kawaida kwa nguvu ya asilimia 17, mwishoni mwa kazi, ili kufungua vinywa vya vinjia. Nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo. Kazi yake ni kufungua mlango ili mwingine aingie. Byström na Sundqvist waliona mwaka 1985 kwamba hipokloriti ikisaidiwa na EDTA hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ikiwa peke yake.

Ya tatu ni klorheksidini, iliyotoka Uingereza na kuanza kutumiwa katika miaka ya 1950. Wengi waijua kama dawa ya kusukutulia mtu mwenye ugonjwa wa fizi. Kwa kuoshea mizizi hutumiwa kwa nguvu ya asilimia 2. Inazo sifa njema, kwani huua vijidudu vingi, hunata juu ya dentini ikaendelea kufanya kazi kwa muda, na haina harufu kali. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa: haiyeyushi nyama iliyokufa. Ndiyo maana madaktari wengi hawaiweki mahali pa hipokloriti, bali huitumia kama msaidizi inapohitajika.

Na wasaidizi hawa hawapatani wote. Klorheksidini ikikutana na hipokloriti ndani ya mfereji, hutokea masimbi ya rangi ya kahawia yanayopaka jino rangi na kuziba vile vinjia vilivyokwisha funguliwa. EDTA nayo, ikichanganywa na hipokloriti, huipunguzia klorini yake. Kwa hivyo daktari mwangalifu huitoa dawa moja kabla ya kutia nyingine. Dawa mbili njema zikichanganywa pasipo elimu huweza kuzaa kitu kibaya.

Je, iliyo kali zaidi ndiyo bora zaidi?

Ni tabia yetu binadamu kudhani kwamba dawa ikiwa chungu zaidi huponya zaidi. Hipokloriti hutumiwa kwa nguvu tofauti, toka asilimia 0.5 hadi kama 6. Ni kweli kwamba iliyo kali huyeyusha nyama upesi zaidi. Lakini katika uchunguzi ule wa mwaka 1985, asilimia 0.5 na asilimia 5 hazikuonyesha tofauti katika kuondoa vijidudu. Mwaka 2012 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba, lilitoa hukumu kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuipa dawa moja ushindi juu ya zote. Na majaribio yaliyotangazwa mwaka 2019, yaliyolinganisha asilimia 1 na asilimia 5 katika magego ya watu, hayakuona tofauti ya maana katika kupona kwa mfupa.

Basi ubora wautegemea sana mkono uitumiao. Maji yatokayo katika sindano hayaendi mbali. Huvuka ncha ya sindano kwa milimita moja au mbili tu. Ikiwa mfereji haukupanuliwa vya kutosha, sindano haifiki chini, na dawa haifiki pia. Hewa nayo huweza kunaswa nchani mwa mfereji ikayazuia maji, kama inavyonaswa katika chupa iliyozamishwa kwa mdomo. Kwa ajili hiyo madaktari huyatikisa maji ndani ya mfereji, kwa mkono au kwa chombo chenye mtetemo wa kasi, na huyabadilisha mara kwa mara kama Carrel alivyofanya katika majeraha ya askari. Wingi wa maji mapya na muda wa kutosha hufanya kazi ambayo ukali peke yake hauifanyi.

Hatari zake, na kinga

Dawa inayoyeyusha nyama iliyokufa haitachagua ikikutana na nyama iliyo hai. Ikisukumwa kwa nguvu ikapita nchani mwa mzizi, mgonjwa hupata maumivu makali ghafula, uso huvimba, na ngozi huweza kuwa na weusi wa damu kwa siku kadhaa. Jambo hili hutokea kwa nadra, na njia za kulizuia zajulikana: sindano isikazwe mfereji ukaibana, itumiwe ile yenye tundu la ubavuni, na maji yasukumwe polepole. Mgonjwa akisikia uchungu wa ghafula na ainue mkono mara moja, asione haya.

Kinga nyingine ni kile kipande cha mpira ambacho daktari hukitandaza juu ya kinywa, jino moja tu likitokeza katika tundu. Wagonjwa wengine hukichukia wakasema kinawaziba pumzi. Lakini hicho ndicho kinachozuia dawa isimwagike kooni, tupa isimezwe, na mate yenye vijidudu yasiingie katika mfereji unaosafishwa. Kuosha mfereji huku mate yanatiririka ndani yake ni kuteka maji kwa pakacha. Na mwenye saumu, achelee maji kumfika kooni, na amweleze daktari wake mapema, amwulize na shekhe wake. Na ikiwa jambo lastahimili kungoja, miadi huweza kuwekwa usiku au baada ya mfungo.

Jambo la hatari kuliko yote ni mtu kujifanya tabibu wa nafsi yake. Kwa kuwa dawa hii yafanana na maji ya kufulia, pasitokee mtu akayatia katika tundu la jino au kuyasukutua. Yataunguza kinywa na koo, wala hayatafika kwenye mzizi.

Kusukutua si kuosha mzizi

Twapenda kulisisitiza jambo hili, maana sisi ni watu wa kusukutua. Kila tutawadhapo maji hupita vinywani mwetu, na mswaki ni katika sunna alizozihimiza mno Mtume, rehema na amani zimshukie. Usafi huo ni ngome ya meno, nao uwalinda wengi wasifike kitini kwa daktari. Hata katika maabara, majimaji ya mti wa mswaki yamejaribiwa na kuonekana yana nguvu ya kuzuia baadhi ya vijidudu vya kinywani. Lakini ngome hulinda kabla adui hajaingia. Vijidudu vikishaingia katika kiini na kushuka mizizini, maji ya kusukutua, yawe ya chumvi, ya karafuu au ya dawa ya dukani, hayawafikii. Huweza kutuliza kwa saa chache, na utulivu huo ndio uwadanganyao wengi.

Vidonge vya antibiotiki navyo havifiki. Dawa imezwayo husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Vidonge huweza kuwa na lazima pale uvimbe unapoenea au homa inapotokea, lakini hata hapo huwa ni msaada, na chanzo kingali ndani ya mzizi. Anayemeza vidonge kila jino linapomsumbua hulituliza jipu leo likaamka mwezi ujao, na juu ya hayo huvizoeza vijidudu vya mwili wake kuizoea dawa, mpaka siku atakapoihitaji kweli isimsaidie.

Na ikiwa uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, mgonjwa akashindwa kumeza, kufungua kinywa au kuvuta pumzi vizuri, hapo si pa kungoja asubuhi. Na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, maana uvimbe wa namna hiyo huweza kuiziba njia ya pumzi.

Yampasayo mgonjwa na jamaa zake

La kwanza ni kumaliza. Mara nyingi maumivu huondoka siku ya kwanza kabisa, kiini kinapotolewa na usaha kupata njia. Hapo mgonjwa, na hasa kijana, husema amepona, akaziacha siku zilizobaki. Lakini tumeona katika habari za Umeå kwamba vijidudu vilivyosalia huzaana tena. Uchungu umekwenda kwa kuwa mshipa wa fahamu haupo tena. Maradhi yangaliko, nayo sasa yafanya kazi kimyakimya mfupani. Kuondoka kwa maumivu si ushahidi wa kupona.

Na faida ya kumaliza imepimwa. Mwaka 1997 Sjögren na wenzake, huko huko Umeå, walitoa habari za meno 55 yaliyokuwa na vijidudu, wakayasafisha kwa tupa na hipokloriti, wakapima kabla ya kuziba. Meno 22 yalikuwa na vijidudu bado. Walipowafuatia wagonjwa hadi miaka 5, meno yaliyozibwa yakiwa hayana vijidudu yalipona kwa asilimia 94. Yaliyozibwa yakiwa navyo yalipona kwa asilimia 68. Mgonjwa anayemhimiza daktari azibe upesi ili apate kwenda zake, na alifikirie pengo lililo kati ya hesabu hizo mbili.

La pili ni kuuliza kwa adabu. Si vibaya kumwambia daktari: Utaosha kwa dawa gani? Utaweka kile kipande cha mpira? Nirudi lini? Daktari mwema hufurahi kumpata mgonjwa afahamuye, na swali la heshima halimvunjii mtu ujuzi wake. Na mwenye mzio wa dawa yoyote aliseme hilo kabla ya kazi kuanza.

La tatu ni kulifunika jino vizuri baadaye. Mfereji uliooshwa na kuzibwa, ukiachwa na kifuniko cha muda kilichopasuka, mate huingia tena na vijidudu pamoja nayo. Gego lililotibiwa mara nyingi huhitaji kifuniko imara ili lisipasuke. Mzazi asione kwamba gharama hiyo ni pambo. Ndiyo dari ya nyumba iliyokwisha fagiliwa.

Na la nne, ambalo kwa haki lilipasa kuwa la kwanza, ni kutolifikisha jino huko. Tundu dogo likizibwa mapema, kiini hubaki hai na hapahitajiki tupa wala maji. Mtoto apigishwe mswaki, peremende na soda zipunguzwe, na jino likianza kusikia baridi au utamu lionyeshwe kwa daktari kabla halijaanza kuuma usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari ya meno, ufa huzibwa kwa muda mfupi, lakini ukuta hujengwa kwa siku nyingi, kwa fedha nyingi, na kwa maji ya dawa yapelekwayo tone kwa tone mahali pasipoonekana na jicho.

Hata hivyo, aliyekwisha fikwa asikate tamaa, wala asikimbilie kung'oa kabla hajaambiwa kwamba jino haliokoki. Na auketie mkono wa daktari kwa subira mpaka kazi iishe. Yale maji ayasikiayo yakiingia na kutoka, na kumfanya adhani kwamba daktari anapoteza wakati, ndiyo yanayomwokolea jino lake.